Plasta Yenye Uzi wa Kijani

Siku ya tisa ya giza, watu wa mji ule walikuwa wameshaacha kuuliza umeme utarudi lini. Sasa walikuwa wanauliza Masikio atanyongwa lini.

Inspekta alilisikia swali hilo mara tatu kabla hajafika kazini. La kwanza lilitoka nyumbani kwake, kwa baba yake mzee, aliyekuwa amejikokota hadi mlangoni kwa fimbo kumwaga maji ya kunawia uso kwa uangalifu, tone kwa tone, kwenye ndoo ya kufulia. "Huyo Masikio wenu mkimaliza naye mnipe mimi," mzee alisema. "Nguvu zimerudi. Nitamtandika bakora mwenyewe." La pili lilitoka kwa muuza maji, aliyesukuma mkokoteni wa madumu kwa sababu pampu ya mji nayo ilikufa siku ileile. La tatu lilikuwa limeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa kituo cha polisi, tena kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekwenda shule. Inspekta hakuamuru lifutwe. Maji ya kufutia yangetoka wapi?

Nje ya uzio mke wa Masikio alikuwa amekaa chini tangu alfajiri, bakuli la chakula limefunikwa kwa kitambaa mapajani. Watu waliompita walikuwa wanatema mate karibu na miguu yake, naye alikuwa ameshaacha kuisogeza.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, dada."

"Wanasema leo ndiyo wanamchukua. Ana watoto wanne, afande. Mdogo hajaota meno."

Inspekta aliinama. Alipokea bakuli, akaingia nalo ndani.

Mkuu wa kituo alikuwa anajipepea kwa jalada la kesi. "Gari la mahabusu linafika saa kumi," alisema. "Masikio anaondoka nalo. Shtaka ni mauaji."

"Mkuu, watu watatu wamekufa kwa sababu mashine imekufa. Bado hatujajua nani ameiua mashine."

"Mji mzima unajua."

"Mji mzima haukuwemo chumba cha mashine."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta. Yule ni mtu wa ndani. Una mpaka saa kumi. Nikimlaza hapa usiku mmoja zaidi watakuja kumtoa wenyewe, na mimi nina askari sita."

Hayo ya askari sita yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyomtisha Inspekta kuliko shtaka lenyewe.

Kesi ilikuwa imebakiwa na fundo moja. Mji ulikuwa unaishi kwa mashine moja ya dizeli, kuukuu lakini shupavu. Siku ile, saa tatu na nusu asubuhi, bomba la oili lilipasuka. Masikio, mwendeshaji wake, alikuwa peke yake zamuni, na mlinzi alimwona akitoka getini mbio kama mwizi. Alirudi mbio vilevile, lakini alipofika mlangoni mashine ilikuwa imeshanoki: vyuma vilisagana bila oili, vikashikana, vikavunjika. Hospitalini mama mmoja alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Hakuamka. Siku zilizofuata, watoto wawili waliozaliwa kabla ya wakati walimfuata, kwa sababu joto lao lilikuwa la umeme.

Zile mbio zilikuwa zimeshaelezeka. Jana yake Sista wa chumba cha upasuaji alikiri, huku analia, kwamba Masikio alikwenda kumwomba ruhusa ya kuzima. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi pale: mashine haizimwi mpaka hospitali iseme ndiyo. Simu ilikuwa haipokelewi, basi akakimbia kwa miguu. Sista akamwambia, "Subiri kidogo, wanashona."

Kilichobaki kilikuwa waya uliokutwa kwenye mashine.

Chumba cha mashine kilinuka dizeli na chuma kilichoungua. Fundi mgeni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeletwa kutoka mji wa mbali kuja kutazama maiti ya mashine, alikuwa amechuchumaa mbele ya kiboksi cha bati ubavuni mwa mashine. Meneja wa mtambo alisimama nyuma yake, shati limenyooka. Inspekta alijiuliza pasi ameipatia wapi.

"Eleza tena, mzee wangu, kama unamweleza mjukuu," Inspekta alisema.

"Humu mna swichi. Presha ya oili ikishuka, swichi inakata dizeli na mashine inajizima yenyewe. Haingoji mtu. Inazimika, unaziba bomba, unajaza oili, unawasha. Dakika ishirini, na mji utakuwa umelalamika tu." Fundi mgeni aligusa kipande cha waya kilichounganisha vichwa viwili vya skrubu. "Mtu akifunga waya hapa, swichi inakuwa pambo. Mashine itakwenda hata tumbo likiwa tupu, mpaka ife."

"Na ndivyo alivyofanya," Meneja alidakia. "Asubuhi ile alifunga waya, akapasua bomba, akatimua. Nilimnyima likizo wiki iliyopita. Niliona alivyonitazama."

"Ulimwona anafunga?"

"Nani mwingine, afande? Waya hauna miguu."

Inspekta aliinama. Waya ulikuwa umefunikwa na tabaka jeusi la masizi na oili iliyokauka. Alimwomba Fundi mgeni aufungue polepole, kwa koleo. Ulipotoka, pale ulipokuwa umelala, rangi ya bati ilikuwa ya buluu safi kabisa. Pembeni kote palikuwa peusi.

Mzee alicheka bila furaha. "Asubuhi ile? Masizi haya yana umri. Yule aliyefunga waya huu aliufunga miezi miwili iliyopita, au mitatu. Zaidi ya hapo msiniulize, mimi si mganga."

Meneja alianza kurekebisha kola ya shati.

"Na hiki?" Inspekta alionyesha kitambaa kilichoviringishwa katikati ya waya.

"Hicho ndicho kinachonishangaza. Fundi hutumia tepu nyeusi. Hii ni plasta ya kidonda." Aliikunjua kwa ncha ya koleo. Upande wa ndani ulikuwa bado mweupe, na ukingoni palipita uzi mwembamba wa kijani. "Tena haikukatwa kwa mkasi. Tazama ilivyochanika. Huyu alitumia meno."

Inspekta aliitazama plasta kwa muda. Mahali fulani alikuwa ameuona uzi ule, lakini kwa siku tisa alikuwa amelala saa tatu tatu, na kichwa chake kilikuwa hakimpi kila anachokiomba. Aliitia kwenye bahasha.

"Lete madaftari ya zamu," alimwambia Meneja.

Kila saa iliyopita mle ndani ilikuwa na mstari wake. Kila mashine ilipojizima, mtu wa zamu aliandika neno hilo kwa kalamu nyekundu: *imejizima*. Inspekta alifunua kurasa kutoka nyuma kuja mbele. Imejizima, imejizima, mara mbili kwa wiki, mara tatu. Swichi ilikuwa na mchecheto, ikishtuka hata mahali pasipo na hatari. Kisha, baada ya tarehe kumi na nne ya mwezi juzi, wino mwekundu ulikoma. Kurasa zilizofuata zilikuwa za wino wa buluu tupu, hadi siku mashine ilipokufa.

Alinyanyua uso. Ukutani, juu ya kiti cha Meneja, palitundikwa barua ndani ya fremu: pongezi kwa mtambo, siku sitini bila umeme kukatika.

"Mashine iliyokuwa inaanguka kifafa mara tatu kwa wiki ilipona kwa siku moja," Inspekta alisema. "Na wewe hukuuliza dawa ni nini?"

"Nilidhani mafundi wamejitahidi."

"Hii hapa ni sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Soma ulichoandika juu yake."

Meneja alisoma kwa sauti ndogo. "Imekaguliwa."

"Kila Ijumaa. Mara nane. Ungefungua kile kiboksi hata mara moja, ungeuona waya. Ndiyo maana unataka uwe umefungwa asubuhi ile."

Meneja aliketi. Shati lake halikuwa limenyooka tena. "Lakini tarehe kumi na nne zamu ilikuwa ya Masikio," alisema, kama mtu anayeshika unyasi majini. "Angalia. Ni yeye."

Ilikuwa kweli. Jina la zamu lilikuwa lake. Ni yeye aliyefunga, na saa kumi Mkuu asingetaka kusikia zaidi ya hapo: Masikio ametega mtego mapema, akangoja. Inspekta aliona jinsi jalada litakavyosomeka mbele ya hakimu ambaye hajawahi kuuona mji huu. Ila mtega mtego habebi plasta ya kidonda. Siku ile palikuwa na mtu mwingine mle ndani, mtu aliyeijua sababu, na mtu huyo ndiye pekee angeweza kumtoa Masikio kwenye mauaji. Aliandika tarehe kwenye kijitabu chake, akatoka. Ilikuwa saa saba na robo.

Hospitalini wagonjwa walikuwa wamelazwa barazani, kufuata upepo. Sista alikuwa anaosha mikono kwa kikombe kimoja cha maji. Macho yake yalikuwa yamevimba tangu jana.

"Sista, samahani kukurudia. Plasta hii ni ya kwenu?"

Sista aliitazama bila kuigusa. "Sisi? Hospitali hii haijaona plasta tangu mwaka jana, afande. Mgonjwa wa upasuaji anakuja na vyake: glavu, nyuzi, pamba, plasta. Ndugu zake ndio wananunua. Hiyo yenye uzi wa kijani inauzwa duka la dawa la sokoni."

"Basi nitafutie ndugu wa mgonjwa. Tarehe kumi na nne, mwezi juzi. Nani alipasuliwa?"

Sista alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko maji yenyewe yalivyokuwa. Kisha akaenda kabatini, akarudi na daftari kubwa, akalifungua mezani na kuligeuza ili Inspekta asome mwenyewe.

Tarehe kumi na nne palikuwa na mstari mmoja tu. Mwanamume, miaka sabini na moja. Utumbo ulionaswa kwenye ngiri. Amekaa mezani kwa saa mbili na dakika arobaini. Ametoka salama. Na chini ya safu ya aliyeleta vifaa, kwa mwandiko wa Sista: *binti, askari polisi.*

Inspekta alisoma mara ya pili, kwa sababu hakutaka kuwa amesoma mara ya kwanza.

"Nilidhani unajua," Sista alisema. "Kila ulipokuja kuniuliza maswali nilidhani unajua, unatupima tu."

Hakuwa anajua. Alikuwa anaijua siku ile kwa kilio chake, si kwa tarehe yake. Sasa yote yalirudi, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililomwonea huruma. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili asubuhi ile. Daktari alimwambia hawezi kufungua tumbo la mzee chini ya taa inayozirai. Alikimbia sokoni na sare yake, akanunua vifaa, na aliporudi akapitia mtamboni. Alimshika Masikio mkono wa shati. "Kaka yangu, baba yuko mezani. Leo isizime. Fanya ufanyavyo, isizime." Masikio aliitazama mashine, akamtazama yeye, akasema, "Hiyo plasta, nikatie kipande." Hakuwa na mkasi. Alikikata kwa meno, akampa, akakimbia kwa baba yake. Hakumwuliza cha nini.

Aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na woga wa kawaida kabisa wa mtu anayefikiria kazi yake na baba anayemtegemea. Alimwomba Sista nakala ya mstari ule, kwa mkono na kwa sahihi. Sista aliandika bila kuuliza.

Masikio alipewa jina hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kutazama mishale ya vipimo. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akakwambia mashine inaumwa wapi. Mle lokapu, chumba cha mahabusu kituoni, alikuwa ameketi na sikio ukutani, kwa mazoea tu, kwa maana ukuta haukuwa na la kumwambia. Bakuli la mkewe lilikuwa mbele yake, halijaguswa.

Inspekta aliketi chini, akakitoa kipande cha plasta, akakiweka sakafuni kati yao.

Masikio alikiangalia. "Umekipata."

"Siku tisa nakuuliza mashine ilikufaje. Siku tisa unanyamaza. Kwa nini?"

"Afande, mji huu wote unaniita muuaji. Wewe peke yako ndiye unayeuliza. Nikikutaja, wanakuondoa. Atabaki nani wa kuuliza?"

"Ungesema mimi ndiye niliyekwambia."

"Hukuniambia nifunge waya. Uliniambia isizime. Waya ni ujuzi wangu."

"Mbona hukuutoa kesho yake?"

Masikio alifikiri, si kama mtu anayetafuta uongo. "Kesho yake alikuja baba wa pacha. Anaomba kama ulivyoomba wewe, na yeye hana hata sare. Kesho kutwa akaja mtu na mkewe. Kila siku kuna mtu mezani, afande. Nikasema nitautoa siku ambayo hakuna mtu. Siku hiyo haikuja." Alilisogeza bakuli kando. "Ile asubuhi niliona oili sakafuni. Mkono wangu ulikuwa kwenye kizimio. Nilijua nimeufunga waya, haitazima yenyewe. Na nilijua kuna mama mezani. Nikasema nikaombe ruhusa kwanza. Hatua mia nne kwenda, mia nne kurudi. Ningezima tu. Ningezima tu, afande."

Inspekta hakumwambia kwamba asingeweza kufanya vingine. Angeweza, na wote wawili walikuwa wanalijua hilo.

"Mzee anaendeleaje?" Masikio aliuliza.

"Anatembea."

"Alhamdulillahi," alisema Masikio, na alimaanisha.

Saa tisa na dakika ishirini Inspekta aliketi mezani kwake, akaandika kurasa mbili, bila kujipamba na bila kujionea huruma. Aliandika waya, masizi, wino mwekundu uliokoma, sahihi nane za Meneja. Aliandika aliyekata plasta na alichokata nacho. Akaweka sahihi, akampelekea Mkuu.

Mkuu alisoma amesimama. Alipomaliza alifunga mlango.

"Chana."

"Hapana, Mkuu."

"Nani mwingine anajua? Yule fundi kesho anaondoka. Sista anaogopa hata kivuli chake. Chana hii karatasi, mwanangu, nami sijaisoma. Utafukuzwa. Pengine na wewe utawekwa ndani. Mzee wako atalishwa na nani?"

"Watoto wanne wa Masikio watalishwa na nani?"

"Alifunga waya!"

"Alifunga. Ahukumiwe kwa kufunga waya. Asihukumiwe kwa kuua."

Mkuu aliiweka karatasi nje ya jalada, akalikunja jalada, akalifunga kamba. Hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkatisha Inspekta tamaa. "Ukishajitaja, wewe si mpelelezi wa kesi hii tena," alisema. "Siwezi kutia ndani ya jalada maandishi ya mtu ambaye si mpelelezi. Hii ni karatasi ya shahidi. Nitaituma kwa utaratibu."

"Itafika lini?"

"Miezi miwili. Mitatu."

"Na yeye atakaa mahabusu na watu waliosikia kwenye redio kwamba ameua vichanga."

Mkuu aliangalia dirishani. Gari lilikuwa limeshaingia, na nyuma yake, nje ya uzio, watu walikuwa wanakusanyika wakiwa na mawe mikononi, wengine wakiwa na vifuniko vya sufuria wakivigonga.

"Basi shahidi aende mwenyewe," Inspekta alisema. Alivua kofia, akaiweka juu ya meza ya Mkuu. Akaweka na kitambulisho. Karatasi zake mbili alizichukua mezani, akazitia kifuani pamoja na ya Sista na bahasha ya plasta.

Masikio alitolewa kati ya askari wote sita. Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata Inspekta, kwa sababu alikuwa amekwenda kutembea upande uleule. Mke wa Masikio alijipenyeza hadi kwenye gari, akamwona Inspekta anapanda nyuma bila kofia na kuketi kwenye benchi la washtakiwa.

"Unakwenda naye, afande?"

"Nakwenda naye. Kwa mzee wangu unapafahamu. Mwambie leo sirudi, na umweleze kwa nini. Mwambie kila kitu kimo kwenye daftari la hospitali, siku aliyopasuliwa."

Mlango ulifungwa. Gari lilisukumana na watu mpaka likaupata mwendo, makelele yakabaki nyuma, kisha ikabaki injini peke yake na vumbi linaloingia kwenye matundu ya bati.

Walikuwa wameshaupita mji Masikio alipoinua kichwa. Aliegemeza sikio kwenye ukuta wa gari, akafumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa uso wake ulikuwa na kazi.

"Oili yake imekwisha," alisema. "Inaanza kusaga. Mwambie dereva azime."

Inspekta aligonga bati. "Dereva! Simama, injini haina oili!"

"Tutaangalia tukifika!" dereva alijibu kutoka mbele. "Nimeambiwa nisisimame popote!"

Masikio alimtazama tu. Inspekta aliinuka kwenye benchi, akaanza kupiga bati kwa viganja vyote viwili, na hakuacha mpaka injini ilipozimwa.